Jumuiya Hupimwa Mpakani: Somo la Gisenyi kwa Arusha

Uchumi unapoyumba, raia huegemea wapi? Je, huziunga mkono zaidi taasisi zilizo juu ya nchi yao kwa tumaini kwamba umoja utawavusha, au huzipa kisogo na kujikunyata chini ya bendera ya kwao? Swali hili limeandikiwa vitabu vingi Ulaya tangu mtikisiko wa fedha wa 2008. Afrika Mashariki hulijibu kwa hotuba. Mambo yakiwa mazuri, viongozi husema wananchi wanaitaka jumuiya. Yakiharibika, husema wananchi hawajaielewa. Majibu yote mawili ni ya haraka mno.

Mahali pazuri pa kulichunguza ni Gisenyi, wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Mitaa ya mji huu, kama Nengo na Mbugangari, imebanwa kati ya Ziwa Kivu na mpaka wa Kongo, na ng'ambo ya mpaka tu ndipo linapoanza jiji la Goma. Kuna njia kuu mbili za kuvukia. Grande Barrière iko karibu na ziwa. Petite Barrière ndiyo ya watu wa kawaida, wapitao kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani, mgongoni au kwenye mikokoteni. Kabla ya korona, makumi ya maelfu ya watu waliivuka kila siku, hata ikatajwa miongoni mwa mipaka yenye wapita kwa miguu wengi zaidi Afrika. Wachuuzi wake wengi ni wanawake. Huenda Goma na kabichi, nyanya, maziwa na kuku, na mtaji wao huzunguka siku kwa siku. Asiyeuza leo hana cha kununulia bidhaa kesho.

Katika mji huohuo ndiko ilikozaliwa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, inayojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, CEPGL. Gisenyi basi imekuwa na vyote viwili, makao makuu ya taasisi ya kikanda na watu ambao riziki yao inategemea kazi ya taasisi hiyo. Historia ya miaka hamsini ya mpaka huu inaonyesha kwamba dhiki haiui hamu ya watu ya kushirikiana na jirani. Kinachokufa ni imani yao kwa taasisi isiyoonekana siku lango linapofungwa.

Imani ya aina mbili

Mwanasayansi wa siasa David Easton alitenganisha aina mbili za uungaji mkono. Ya kwanza hufuata faida: raia hupima alichopata jana na leo, kisha huamua. Ya pili ina mizizi zaidi: raia huiona taasisi kuwa halali na yake, hata mwaka ambao haikumpa kitu. Aina ya pili ndiyo huivusha taasisi kipindi cha njaa. Taasisi changa huwa na ya kwanza tu, nayo huisha upesi.

Ulaya inatoa vipimo. Katika kura za maoni za Eurobarometer, walioamini Umoja wa Ulaya walikuwa asilimia 57 mwaka 2007. Kufikia 2012 walikuwa wameshuka hadi asilimia 31. Hata hivyo, Wagiriki waliobanwa kuliko wote walipopiga kura tarehe 5 Julai 2015, asilimia 61 waliyakataa masharti ya wakopeshaji, huku kura za maoni zikionyesha kwamba wengi wao bado walitaka kubaki na yuro. Waliukasirikia uongozi wa Ulaya, lakini hawakutaka kutoka. Mtafiti Mhispania Ignacio Sánchez-Cuenca alikuwa ameonyesha tangu 2000 kwamba raia huipenda zaidi taasisi ya kikanda pale wanapoona serikali yao wenyewe ni mbovu, kwa sababu huitumainia kama kimbilio. Kwa hiyo dhiki inaweza kuvuta pande mbili. Humsukuma raia kuilaumu taasisi, na pia humsukuma kuikimbilia.

Afrika Magharibi imetoa mfano wa karibu zaidi na hali yetu. Baada ya mapinduzi ya Niger ya Julai 2023, jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, iliiwekea nchi hiyo vikwazo, mipaka ikafungwa, na Nigeria ikakata umeme iliokuwa ikiiuzia. Adhabu iliwalenga majenerali lakini ikaangukia jikoni kwa raia. Watawala wa kijeshi walipata hoja ambayo hawakuhitaji kuibuni, kwamba jumuiya imekuja kuwatesa watu. Mwezi Januari 2024 Niger, Mali na Burkina Faso zilitangaza kujitoa, na mwaka mmoja baadaye zikatoka rasmi. ECOWAS ilikuwa na hoja nzito kuhusu katiba na uchaguzi, ila mchuuzi wa mpakani alikuwa ameshauona upande wake mmoja tu, ule unaofunga.

Miaka miwili, mikataba miwili

Tarehe 20 Septemba 1976, Mobutu wa Zaire (Kongo ya leo), Habyarimana wa Rwanda na Micombero wa Burundi walitia saini mkataba wa CEPGL hapo Gisenyi. Wiki sita baadaye Micombero alipinduliwa, lakini jumuiya ikaendelea. Ilianzisha benki ya maendeleo mjini Goma, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo Gitega, na kampuni ya umeme ya SINELAC inayoendesha bwawa la Ruzizi II, mali ya nchi zote tatu. Kwa wakazi wa mpakani, hata hivyo, jumuiya hiyo ilikuwa karatasi iliyomwezesha mtu kuvuka bila pasipoti. Mtu angeweza kuishi Gisenyi maisha yake yote bila kujua jina la katibu mtendaji wake, lakini karatasi ile aliijua.

Vita na mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, kisha vita vya Kongo, viliizima CEPGL. Ilifufuliwa 2007 kwa msukumo wa Ubelgiji na Umoja wa Ulaya, lakini nguvu yake ya zamani haikurudi. Kilichodumu ni vitu vyenye kazi inayoonekana. Ruzizi II iliendelea kuzalisha umeme kwa nchi zilizokuwa zikitupiana risasi, na watu wa mpakani waliendelea kuvuka kwa kitambulisho na jetoni, yaani kibali cha siku. Sekretarieti ilipolala, watu hawakuandamana. Barrière ilipofungwa hata kwa saa chache, kama Rwanda ilivyofanya tarehe 1 Agosti 2019 kwa hofu ya Ebola ya Goma, kilio kilisikika pande zote mbili.

Mwaka mmoja baada ya Gisenyi kuzaa CEPGL, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikufa. Ugomvi wa Nyerere na Idi Amin, uliofanya marais wasikutane tangu mapinduzi ya Uganda ya 1971, mara nyingi hutajwa kuwa chanzo. Ni kweli, lakini uchumi ulikuwa umeshailegeza nyumba. Bei ya mafuta ilipopaa 1973, kila nchi iliishiwa fedha za kigeni na kuanza kubana fedha zake zisivuke mpaka. Mashirika ya pamoja, likiwemo shirika la ndege la East African Airways, yalikaa bila fedha yaliyostahili kupata kutoka kwa kila mwanachama. Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari 1977. Ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983, na mali ya jumuiya haikugawanywa rasmi hadi Mei 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht.

Wananchi hawakuulizwa mwaka 1977, kama ambavyo hawakuulizwa jumuiya ilipoundwa 1967. Hawakuwa na bunge la jumuiya walilolichagua wala mahakama ya kushtakia uvunjaji wa mkataba. Waliguswa na reli, posta, bandari na ndege, na vyote hivyo vilipochukuliwa na serikali moja moja hawakuwa na jumuiya ya kutetea. Kilichonusurika ni Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati yake mpya 1980, kwa kuwa kila nchi ilikuwa bado inahitaji mkopo wake.

Lango la siku hizi

Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, yenye makao yake Arusha, Julai 2007, na soko la pamoja likaanza rasmi Julai 2010. Kongo ilikuwa bado nje, hivyo kwa wakazi wa Gisenyi jumuiya ilikuwa jambo la upande wa pili wa nchi, kule Gatuna na Rusumo, kwenye mipaka ya Uganda na Tanzania. Kisha korona ikaja.

Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka. Bidhaa za malori ziliendelea kupita, lakini watu wa miguu walizuiwa. Baadaye wachuuzi wa Rubavu waliruhusiwa kupeleka bidhaa kwa vikundi: wanachangia mzigo, gari linavusha, mteja wa Goma analipa kwa simu. Njia hiyo iliwaokoa wenye vyama vya ushirika na mitaji, ikawaacha wale waliokuwa wakibeba beseni moja. Kila nchi ya ukanda huu iliamua peke yake lini ifunge na kwa nani. Arusha ilitoa miongozo, lakini lango lilibaki mikononi mwa wizara za afya na za usalama za kila nchi.

Rwanda ilifungua tena mipaka yake ya ardhini Machi 2022, na wiki zilizofuata zilikuja na mambo yanayopingana. Mwishoni mwa mwezi huo wakuu wa nchi waliikubali Kongo kuwa mwanachama, na siku hizohizo waasi wa M23 wakaanzisha upya mashambulizi makubwa huko Rutshuru, mashariki mwa Kongo. Tarehe 8 Aprili Kongo ilitia saini mkataba jijini Nairobi. Tarehe 13 Juni M23 waliteka mji wa Bunagana. Siku nne baadaye askari wa Kongo aliyevuka Petite Barrière akifyatua risasi aliuawa upande wa Rwanda, na Kongo ikapunguza saa za mpaka hadi saa tisa alasiri. Tarehe 11 Julai Kongo ikawa mwanachama kamili. Hivyo katika majira yaleyale ambayo mkataba uliahidi watu wa Gisenyi na Goma soko moja, mchuuzi alipoteza saa za jioni, ambazo ndizo saa za wanunuzi watokao kazini.

Dhiki haikuwa ya mpakani tu. Mwaka huo vita vya Ukraine viliongeza gharama ya mafuta na mbolea, na mfumuko wa bei katika miji ya Rwanda ulipita asilimia 20 kufikia Novemba. Kama nadharia ya faida ingetosha, huo ndio wakati ambao watu wa Rubavu wangeichoka habari ya ushirikiano. Badala yake, mpaka ulipoachwa wazi ulijaa, na ulipobanwa, waliovukia vichakani walilipia kwa kunyang'anywa mizigo na kukamatwa. Maoni ya mchuuzi huonekana katika hatari anayokubali kuikabili.

Upande wa Goma, jumuiya ilijulikana kwa sare za kijeshi. Kikosi cha kikanda kilianza kuingia Novemba 2022 chini ya Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya. Februari 2023 vijana wa Goma waliandamana kukipinga, wakidai kiwapige M23 au kiondoke. Kinshasa ikakataa kukiongezea muda, na kufikia Desemba 2023 kilikuwa kimeondoka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekuwa wakiripoti kwamba Rwanda inaisaidia M23, lakini Kigali imekanusha. Mkongo wa mtaa wa Birere na Mnyarwanda wa Mbugangari, wanaoweza kusikia redio za wenzao, waliitazama jumuiya moja na kuona vitu viwili: mmoja aliona jeshi lisilomlinda, mwingine akaona jina kwenye ubao wa forodha.

Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na risasi na makombora kutoka upande wa Kongo yakaua raia Rubavu. Tarehe 8 Februari wakuu wa Jumuiya na wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam na kutaka vita visimame. Wiki moja baadaye jiji la Bukavu nalo likaanguka. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa, fedha taslimu zikaadimika, na wakazi wake wakawa wanavuka kwenda Gisenyi kutafuta huduma za fedha. Mkataba uliofuata baina ya serikali za Kongo na Rwanda ulitiwa saini Washington mwezi Juni, na mazungumzo na M23 yakahamia Doha. Nchi mbili za jumuiya moja zilitafutiwa suluhu Marekani na Qatar.

Siyo wote wanaopata

Ni kosa kudhani kwamba wakazi wote wa mpakani wana maslahi sawa. Mkulima wa viazi wa eneo la Bugoyi anataka lango wazi, kwa kuwa Goma ni soko lake kubwa. Mwenye duka anayelipa ushuru na kodi huenda akataka lango lenye ulinzi zaidi, kwa kuwa bidhaa za magendo humvunjia bei.

Mfano mzuri ni caguwa, yaani mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa jumuiya walikubaliana kuiondoa sokoni kwa awamu, na Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya soko la AGOA, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilibaki peke yake, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Huko Rubavu matokeo yalikuwa wazi: Goma caguwa ilibaki rahisi, Gisenyi ikawa ghali, na magendo yakashamiri. Uamuzi uliofanywa kwa jina la wote ulitekelezwa na mmoja, na gharama yake ikabebwa na maskini wa mpakani, wanunuzi na wabebaji kwa pamoja.

Hapo kuna somo la jumla. Raia hawachoshwi na uamuzi mgumu wa pamoja, mradi uwe wa pamoja kweli. Wanachochoshwa nacho ni uamuzi unaotangazwa na wote, unaachwa na wengi, na unamwangukia yule ambaye hakuwa mezani.

Hoja za upinzani

Msomaji anaweza kusema kwamba haya yote ni kosa la serikali, si la jumuiya, kwamba sekretarieti ya Arusha haina jeshi wala ufunguo wa Petite Barrière. Hoja hii ni kweli, na ndiyo inayoonyesha ugonjwa. Maamuzi ya wakuu wa nchi hufanywa kwa maafikiano, kwa hiyo anayefunga mpaka ana sauti katika uamuzi wa kumwonya. Kwa miaka mingi kila mwanachama alitakiwa kuchangia kiasi sawa, takriban dola milioni 7 kwa mwaka, na malimbikizo yalikua hadi Bunge la Afrika Mashariki likaahirisha vikao kwa kukosa fedha. Mkutano wa wakuu wa Novemba 2024 ulikubali kubadili kanuni hiyo, sehemu kubwa ibaki sawa kwa wote na sehemu ipimwe kwa uwezo wa uchumi. Ni hatua njema, lakini mchuuzi hataiona hadi ibadilishe kitu kwenye lango.

Wengine watasema kwamba imani hujengwa na utambulisho zaidi ya soko: lugha, historia, damu. Gisenyi ina utambulisho huo tayari. Kiswahili ndicho lugha ya biashara kati yake na Goma, na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Mlima Nyiragongo ulipolipuka Mei 2021, maelfu ya watu wa Goma walivuka usiku na kupokewa Rubavu. Undugu upo. Ila haukuzuia lango kufungwa, kwa sababu undugu hauna saini kwenye amri ya serikali.

Wa tatu watasema kwamba usalama hutangulia biashara, na nchi ina haki ya kufunga mpaka inapotishiwa. Ina haki hiyo. Mkataba wowote wenye akili huiacha. Lakini kufunga kwa siku tatu kwa sababu iliyotajwa ni tofauti na kufunga kwa miezi bila kikomo. Rwanda iliuweka mpaka wa Gatuna, kati yake na Uganda, katika kizuizi tangu Februari 2019 hadi Januari 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Mwanachama mpya aliyejiunga ili apate soko aliingia katika jumuiya ambayo wanachama wa zamani hufungiana.

Kinachowezekana

Jumuiya haitaponya vita vya Kivu peke yake, wala haitashusha bei ya mafuta duniani. Wananchi wa Gisenyi hawaidai miujiza hiyo. Inaweza, hata hivyo, kuchagua jambo dogo na kulisimamia kikamilifu. Mambo matatu yako ndani ya uwezo wake.

La kwanza ni kanuni ya mchuuzi mdogo: mtu mwenye kitambulisho cha mpakani na bidhaa za chini ya kiasi fulani aendelee kuvuka hata serikali zinapogombana, isipokuwa kwa sababu ya dharura iliyotangazwa, yenye tarehe ya mwisho. CEPGL ilishawahi kutoa karatasi iliyofanya kazi ya namna hiyo, kwa hiyo halitakuwa jambo jipya.

La pili ni kumaliza kuiingiza Kongo kwenye umoja wa forodha. Tangu Julai 2022 ni mwanachama kamili kwa mkataba, lakini ushuru unaotozwa mpakani bado si wa soko moja. Mwanachama asiyeonekana forodhani humfanya raia aamini kwamba uanachama wote ni picha ya pamoja ya marais.

La tatu ni mahakama. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki inapokea kesi za raia wa kawaida, lakini mkataba unampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu tukio, na mahakama iko Arusha. Kwa mchuuzi wa kabichi hilo ni sawa na kumwambia asishtaki. Msajili wa kupokea malalamiko katika mipaka yenye watu wengi, Petite Barrière ikiwemo, angegharimu kidogo kuliko mkutano mmoja wa wakuu wa nchi.

Wanaosema uchumi mbaya unawafanya Waafrika Mashariki waichukie jumuiya wanabebesha njaa lawama isiyo yake. Watu wa Rubavu wamepita korona, volkano, risasi na mfumuko wa bei wakiendelea kuitaka Goma. Arusha ikitaka waitake na yenyewe, iwe na neno siku lango linapofungwa. Vinginevyo itabaki na uungaji mkono wa wakati wa neema tu.